Mapigo Arobaini na Saba

1

Ujumbe wa Galus ulinikuta bwaloni, Jumatano saa mbili asubuhi, kwenye foleni ya chai. Nilikuwa na kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Babu yangu alikuwa amefariki siku iliyotangulia, kwetu Songea, na tangu habari zienee watu walikuwa wakiniandikia pole ambazo zote zilifanana. Huu haukufanana nazo.

"Nasikia Wangoni mmepungua mmoja. Usihangaike kufunga mizigo, nakuja kukuchukua mwenyewe. Shimo nimeshalichimba. Nimelifanya fupi, urefu wako naujua."

Nilicheka. Nilicheka hadi chai ikamwagikia sweta, halafu kicheko kikageuka kilio, pale pale mbele za watu, mimi ambaye hata kupiga chafya hadharani naona haya. Ndipo Shahidi, bangili tunayovishwa chuoni, akatetemeka mkononi mwangu na kuwaka nyekundu.

Foleni nzima ikanyamaza. Katika Chuo Kikuu cha Nyalumbe hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya rangi ile. Dada mmoja nyuma yangu, nisiyemjua hata jina, alinishika bega akaniambia pole, nisiogope, ameshafungwa. Nikageuka kumtafuta huyo aliyefungwa.

Galus Kikoti alikuwa meza ya dirishani na bakuli lake la uji. Simu ilikuwa imezimika mkononi mwake. Aliitikisa, akaipiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akaiweka sikioni. Walinzi wawili walipomfikia alidhani wamekuja kumsaidia, akawaonyesha. Kisha akauona mkono wangu unavyowaka, na uso wake ukaanza kuelewa kidogo kidogo.

"Digna," aliita. "Waambie mimi ni mtani wako."

Yalikuwa maneno manne tu ya kusema: yeye ni mtani wangu. Nilifungua mdomo. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wananitazama, na sauti yangu, ambayo hata darasani huja kwa kuvutwa, haikuja. Walimtoa nje akiwa bado ameshika kijiko.

2

Shahidi nilimtaka mimi mwenyewe. Galus analijua hilo na hajawahi kunisuta nalo.

Zamani chuo kilikuwa na programu iliyosoma maneno ya ujumbe. Ilikamata wanakwaya walioandikiana tenzi zenye damu, ilikamata mashabiki wa mpira walioahidiana kuchinjana Jumamosi, ilimkamata mama mmoja wa jikoni aliyemwandikia mdogo wake kwamba leo lazima amuue, akimaanisha jogoo. Waliokuwa wakiwatesa wenzao kweli kweli walijifunza kuandika kwa kupitia pembeni. Hostelini kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Levina. Muhula mzima alikuwa akipigiwa simu na mtu asiyesema kitu, anayepumua tu. Alikwenda ofisini mara tatu, na mara tatu aliambiwa aonyeshe maneno. Maneno hayakuwepo. Akafunga sanduku lake akaenda kwao, na hakurudi.

Kwa hiyo wahandisi walipokuja na bangili isiyosoma maneno ila mwili wa anayeyapokea, nilipita chumba kwa chumba na karatasi ya kukusanyia saini, mimi huyu huyu. Wino ulikwisha nikaazima kalamu. Kanuni ya Kumi na Saba ikapitishwa: ujumbe wa simu au wa mtandao ni tishio iwapo mwili wa aliyeupokea umeogopa. Kwenye mabango tuliandika MWILI HAUDANGANYI. Mawili kati ya hayo niliyachora kwa mkono wangu.

Ukifungua ujumbe, Shahidi huhesabu sekunde tisini. Anapima mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi. Mapigo yakipita mia na ishirini pamoja na jasho, anawaka nyekundu, na hapo hapo aliyetuma anafungwa: kwanza simu yake, kisha kila kitu chuoni kinachomtambua kwa simu hiyo, mlango wa hosteli, bwalo, maktaba. Ndani ya siku tatu kunakaa kikao. Mpokeaji anaulizwa swali moja tu. Akijibu ndiyo, aliyetuma anaondoka chuoni kwa miaka miwili.

Galus alikuwa amebakiza mitihani miwili awe mhandisi wa maji.

Nilimkuta mchana ule nje ya maktaba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye misonobari, naye alisimama akisubiri mtu afungue mlango ili aingie nyuma yake. Aliponiona alirudi kinyumenyume, akihesabu hatua kwa sauti. Alikuwa ameamriwa asinikaribie chini ya hatua kumi. Alipofika kumi akaongeza nusu, ati miguu ya Wahehe ni mirefu kuliko ya waliotunga amri.

"Mngoni mmoja," akasema, "tena mfupi, na ameniangusha kuliko jeshi lenu zima."

Kanuni haikugusa maneno ya mdomo. Hata hivyo niliivuta mikono ya sweta nikamfunika Shahidi, kama unavyomziba mtoto masikio.

Nilimuuliza kwa nini aliandika, kwa nini hakusubiri aniambie ana kwa ana. Alinijibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mimi nilipaswa kulijua. Mazishi ni Jumamosi, na Jumamosi yeye ana mtihani. Mhehe anayeacha Mngoni azikwe bila utani ni sawa na jirani anayesikia kilio akafunga dirisha. Angekuwepo, angelala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe kuku, na shangazi zangu wangemrushia matusi huku wakifuta machozi, na kilio kingepungua uzito kidogo. Ndivyo babu zetu walivyomalizana baada ya vita vyao.

"Kaburini sitafika," akasema. "Nikaona nilale kwenye simu."

Kisha akauliza, na safari hii hakuwa na utani usoni, "Kwani uliogopa?"

Nilimwambia sijui. Ndiyo ilikuwa kweli yangu yote. Kati ya neno shimo na kicheko changu palikuwa na upenyo mdogo, labda wa pumzi moja, ambamo nilimwona babu akishushwa kwa kamba. Sijui kilichokuwa ndani ya upenyo ule kinaitwaje. Kama kinaitwa woga, basi bangili ilisema kweli. Na kama bangili ilisema kweli, rafiki yangu alinitisha, na mimi nilikuwa nacheka nini?

"Basi sema hivyo hivyo ilivyo," Galus akasema. "Mimi sitakufundisha la kusema."

Afadhali angenitukana.

3

Kabla ya kikao mpokeaji hutakiwa kupitia kumbukumbu zake, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisi ya Shahidi. Fundi wake ni dada Yusta, mwanamke mcheshi anayeweka mahindi ya kuchemsha juu ya mitambo ili yasipoe. Alinigeuzia kioo cha kompyuta. Palikuwa na kila ujumbe nilioufungua tangu nivishwe bangili, na namba yake pembeni. Wa Galus ulisimama peke yake na wekundu wake: 141. Nyingine zote zilikuwa kijani, kama shamba.

Yusta alinieleza huku akitafuna. Nikisema hapana, maana yake mkono wangu umesema ndiyo na mdomo wangu umesema hapana, kwa hiyo bangili ni mbovu. Itavunjwa, kumbukumbu zake zote zitafutwa, nitapewa mpya, na kijana atafunguliwa. Nikisema ndiyo, bangili ni nzima na kijana anaondoka.

Nilipumua. Lilikuwa jambo jepesi kumbe. Ningesema hapana, kila kitu kifutwe, na kesho yake nipande basi la Songea kumzika babu.

"Ila nikuulize," Yusta akasema, akicheka. "Huyu mwenye namba za chini ni nani? Angekuwa dawa ya presha ningemmeza asubuhi na jioni."

Alibonyeza mahali, orodha ikajipanga kuanzia namba ndogo. 47. 48. 48. 49. 50. Jumbe hamsini na tatu zilizofuatana, na mbele ya kila mmoja Shahidi ameandika: ametulia kabisa. Zote zilitoka kwa mtu mmoja, mwalimu Silvanus, msimamizi wa utafiti wangu.

Nikaanza kuzisoma upya.

"Habari za asubuhi, Digna. Nimeona umewasha taa mapema leo."

"Sweta ya kijani inakufaa kuliko ile ya jana."

"Nimempigia mama yako kumsalimu. Ana sauti kama yako."

"Sura yako ya tatu bado iko mezani kwangu. Haina haraka. Siku utakapokuwa tayari kuja ofisini peke yako, nitaisaini."

Hapakuwa na neno baya hata moja. Siku zote niliamini ninachokihisi nikizisoma ni heshima. Ni mwalimu wangu, ana umri wa baba mdogo, anajali. Lakini pale kwenye kiti cha Yusta nilikumbuka asubuhi zenyewe. Nilikumbuka mkate mkononi hadi chai ikafanya utando. Nilikumbuka mwenzangu wa chumbani akiniita mara tatu kabla sijamsikia, na vidole vyangu vikiwa vimekufa ganzi kama nimefua nguo mwezi wa sita. Nilidhani ni baridi ya Nyalumbe.

"Dada Yusta," nikauliza, "mtu akitulia, mikono yake inakuwa ya baridi?"

Akafungua safu ya joto la ngozi. Kwenye kila ujumbe wa mwalimu Silvanus joto la mkono wangu lilikuwa limeporomoka. Yusta aliacha kutafuna. Alisema kitabu cha wahandisi kinasema mapigo ya juu ni woga na mapigo ya chini ni amani, na yeye si mtunzi wa kitabu. Halafu akasema, taratibu, kwamba ujumbe wa kijani haulalamikiwi, ndivyo Kanuni ilivyoandikwa, lakini kumbukumbu si zipo.

"Ukisema hapana," akasema, "hazitakuwepo."

Nilikuwa bado nageuza maneno hayo kichwani simu iliponguruma.

"Nimesikia unaitwa saa nane. Usiogope. Msimamizi hukaa na mwanafunzi wake kikaoni. Nitakuwa karibu nawe."

Sikumbuki nilikaa hivyo kwa muda gani. Nakumbuka mstari mpya ulijitokeza juu ya orodha, mimi na Yusta tukiutazama. 47. Ametulia kabisa.

4

Ukumbi wa kikao una ukuta mmoja wa kioo, na mapigo ya mpokeaji huonyeshwa hapo kwa namba kubwa, kwa sababu Kanuni inamtaka aseme pamoja na mkono wake. Yusta alikaa chini ya ukuta na mitambo yake. Mezani walikuwa watatu: Mama Chengula, mlezi wa wanafunzi, mwenye shali la sufu na miwani iliyofungwa kamba, mwalimu wa sheria, na mwakilishi wa wanafunzi ambaye hakusema neno hadi mwisho. Galus aliwekwa karibu na mlango, hatua kumi, safari hii zikihesabiwa na mlinzi.

Mwalimu Silvanus alivuta kiti chake hadi mguu wa kiti ukagusa wa changu. Ukuta ukaandika 58.

Alisalimia vizuri, kwa mpangilio wa vyeo. Akawaomba wasirefushe, maana mimi ni mwanafunzi mpole na nina msiba. Akasema ananijua kuliko ninavyojijua. 54.

Mama Chengula alisoma ujumbe wa Galus kwa sauti kavu, kama anasoma tangazo la maji kukatika. Alipofika "urefu wako naujua," kitu kilinitoka puani kabla sijakizuia. Ukuta ukaruka: 96, 118, 131, nyekundu. Mlinzi akasogea kumwelekea Galus.

"Mpaka leo anaogopa," mwalimu wa sheria akasema, akiandika.

"Anacheka," Galus akasema kutoka mlangoni. Akaambiwa anyamaze.

Mama Chengula akavua miwani. "Binti, swali letu ni moja, unalijua. Uliogopa?"

Nililijua. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo. Nikisema hapana, Galus anarudi kwenye mitihani yake, na mistari ile hamsini na minne inakufa, nami narudi hostelini na bangili mpya itakayoniambia kila asubuhi kwamba nimetulia. Nikisema ndiyo, mistari inabaki, na Galus anaondoka kwa kosa la kunililia kwa njia ya kwao. Na hata nikiacha hayo yote niseme ukweli, ukweli wenyewe sikuwa nao. Nilikuwa na ule upenyo wa pumzi moja tu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Nilikuwa nimeshamwamkia nilipoingia. Mwakilishi wa wanafunzi alikunja midomo.

"Marahaba," Mama Chengula akaitika tena, bila kucheka.

"Naomba nisome ujumbe mwingine kwanza."

Mwalimu Silvanus aliweka mkono wake mgongoni mwa kiti changu. "Digna amechoka," akasema kwa upole. "Tumwache apumzike." 52.

Nilitoa simu. Nilisoma ule wa sura ya tatu. Mwalimu wa sheria aliniambia nipaze sauti, nikajaribu, sauti ikazidi kupungua. Mama Chengula alinyanyuka, akazunguka meza, akaja kusimama mbele yangu na kuinamisha sikio. Nikamsomea hadi mwisho, hadi pale pa kuja peke yangu. Sikutaja jina la mtu.

50. 48. 47. Ukuta mzima ulikuwa kijani, kijani kizuri cha majani ya maboga, na chini yake: ametulia kabisa.

"Ni ujumbe wa kawaida wa kazi," mwalimu Silvanus akasema. "Naufahamu, ni wangu. Na ukuta wenyewe unajieleza."

Mama Chengula alishika mkono wangu wenye bangili, akaufunika kwa mikono yake miwili. Aliutazama ukuta, akautazama mkono, akarudi kwenye ukuta. Niliona usoni mwake kile kilichonikuta mimi asubuhi kwa Yusta, mtu anayehesabu upya kitu alichokwisha kukihesabu.

"Mkono huu ni barafu," akasema. Halafu, bila kugeuka: "Mwalimu Silvanus, hebu kakae kiti kile cha mlangoni."

"Kanuni inasema msimamizi..."

"Kanuni naijua, baba. Nenda kakae."

Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu. Hakuna ujumbe uliotumwa. Hakuna aliyesema kitu. Alipita nyuma yangu na ukuta ukabaki pale pale, 47, hadi alipoimaliza meza. Kisha 51. Alipofika dirishani, 58. Vidole vyangu vilianza kurudi kimoja kimoja ndani ya mikono ya Mama Chengula, navyo vilirudi kwa maumivu. 64. Mwalimu wa sheria aliweka kalamu chini. 70. Mwalimu Silvanus akaketi karibu na mlango, akapekua mfuko wa koti kama aliyesahau kitu. Galus akasimama, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akaanza kujitenga naye kinyumenyume, akihesabu kwa sauti ya chini. Alihesabu hadi kumi. Mlinzi hakumzuia.

Mama Chengula akaniuliza tena. "Uliogopa?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ila siyo huyu Mhehe."

Mwalimu wa sheria alisema, si kwa ukali, kwamba Kanuni ina nafasi ya ndiyo na nafasi ya hapana, na kwamba jibu kama langu haina pa kuliweka.

"Basi andika kwamba haina," Mama Chengula akamwambia. Akamwamuru Yusta simu ya kijana ifunguliwe, na kumbukumbu zangu zisiguswe na mtu yeyote, hata mstari mmoja.

Mimi nilikuwa nimeanza kutetemeka. Magoti, meno, kila kitu, kana kwamba asubuhi zile zote za mkate mkononi zimenifikia kwa pamoja. Ukuta ukapanda: 112, 126, 139, ukawaka nyekundu, na kama ulivyofundishwa ukaanza kumtafuta mtumaji wa kumfunga. Ulitafuta na kutafuta. Yusta alikuwa ameinua mikono yake juu ya mitambo, hajui abonyeze wapi. Mama Chengula hakuuachia mkono wangu, na hakuna aliyeniambia nitulie.